Ameiva Juu, Chini Bado

Mkalimani hakukaa mbele ya mgeni hata siku moja. Alisimama nyuma kidogo ya bega la kushoto la mgeni, kofia mkononi, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza kama maji yameanza kuchemka. Mgeni akimaliza kusema, yeye alinyamaza kwanza, pumzi mbili hivi. Halafu Kiswahili kikatoka kimenyooka, kimepigwa pasi, na wazee wa mbele wakatikisa vichwa. Huku kwetu Newala watu walizoea kusema wageni siku hizi wanajua kuzungumza. Kumbe mzungumzaji alikuwa yeye.

Mimi nililionea wivu lile bega. Naliweka wazi mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Ukiwauliza majirani watakwambia Tatu ni mtu wa kucheka, moyo wake mwepesi, kuku akichinjwa anageuka pembeni. Ni kweli. Lakini kwa Mkalimani nilikuwa na wivu wa mke mkubwa aliyesikia bwana kaonekana madukani na kanga mpya.

Alikuwa jirani yetu, ua wake na wetu umetenganishwa na mabua ya mtama na mkorosho mmoja ambao haukuwa wa mtu. Jina lake analo, lakini sijawahi kusikia mtu akiliita. Hata mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Mkalimani, chakula." Watoto walimwita Babu Mkalimani. Mimi pia.

Koti lake lilikuwa moja, la kijivu, viwiko vimetiwa viraka vya ngozi. Alilivaa akienda kutafsiri tu. Akilivua, alivua na Kiingereza. Ukimkuta anapalilia mihogo bila koti ukamsemesha Kiingereza, alikujibu, "Leo niko shambani." Kuku wake aliwagombeza kwa Kimakonde, maana alidai kuku hawaelewi adabu kwa lugha nyingine. Kwa Kiyao alinunua mchele Masasi, kwa Kimakua alisuluhisha ndoa za wajomba zake. Ijumaa alikuwa msikitini safu ya kwanza, lakini ukimpitia asubuhi akinoa jembe ungemkuta ananung'unika nyimbo za kanisani, beti zote, kwa sababu Kiingereza chake alikiokota akiwa kijana jikoni kwa mapadri wa Lukuledi. Alikuwa akiosha sufuria, na mlango wa chumba cha kulia ulikuwa wazi. Hivyo tu. Miaka mingi ya sufuria na mlango ulio wazi.

"Nilikula makombo yao ya maneno," alikuwa akisema. "Yalinishibisha."

Sasa, kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo sijaona mkalimani mwingine akilifanya, na siku hizi nimeona wawili watatu. Neno likimshinda, hakubuni. Alimwomba mgeni radhi, akasema atalileta siku ya pili, akaenda nalo sokoni. Na hakulipeleka kwa walimu wala kwa watu wa ofisini. Alilipeleka kwa kina bibi wanaouza vyungu.

Niliwahi kufuatana naye, nikamwona kwa macho yangu. Siku hiyo mgeni mmoja alikuwa amemzungumzia kiongozi fulani wa kwao, mtu mkubwa, aliyesifiwa sana, kisha ikaja kujulikana kwamba ana kasoro yake. Mgeni akasema huyo bwana ana *feet of clay*. Miguu ya udongo. Mkalimani akanyamaza pumzi mbili, akanyamaza nne, akasema, "Hilo nitalijibu kesho." Watu wakaguna.

Kesho yake tulikuwa mbele ya Bibi Somoe, mfinyanzi, ambaye alikuwa na ulimi kuliko biashara. Mkalimani akachuchumaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja na maneno yako?"

"Nimekuja na neno. Wazungu wanasema mtu mkubwa anaweza kuwa na miguu ya udongo."

"Kwani sisi ya kwetu ya nini? Ya bati?"

Wenzake wakacheka. Mkalimani hakucheka. Akaeleza. Kuna kisa cha zamani cha sanamu, alisema, kichwa dhahabu, kifua fedha, lakini chini miguu imechanganywa na udongo. Jiwe likapiga miguu, sanamu yote ikaanguka. Kwa hiyo wanamsema hivyo mtu aliye juu, mwenye sifa, ambaye ana udhaifu mahali ambapo hukutazama.

"Udongo si udhaifu," Bibi Somoe akasema, kaudhika kweli. "Wewe maji unakunywa kwenye nini? Usinitukanie udongo hapa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Bibi akafikiri. Akavuta chungu kimoja kizuri, chekundu, kimechorwa shingoni. Akakigonga juu kwa kifundo cha kidole, kikalia kama kengele. Akakigeuza, akagonga kitako. Kikatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Umesikia? Hiki sikiuzi. Moto ulishika juu, chini haukufika. Ukikitazama ni chungu. Ukitia maji, asubuhi unakuta mchanga wa chini umelowa. Huyo mtu wenu si wa udongo. Huyo ameiva juu, chini bado."

Mkalimani akasimama, akavaa kofia, akaivua tena kwa heshima. Alasiri ile alimfikishia mgeni na watu neno lile: ameiva juu, chini bado. Kina mama uwanjani walipiga vigelegele, maana walilijua tangu kwa bibi zao, ila hawakujua kama linafaa kwa watu. Ndani ya mwezi lilikuwa limefika Mkunya, limeteremka Masasi. Kocha akifungwa, ameiva juu chini bado. Bwana harusi mwenye suti akishindwa kutaja mahari, hivyo hivyo.

Yeye hakupenda linavyotumiwa. Alinifundisha kwa makini namna ya kulitumia, na hapa naomba unisikilize, maana ndiyo elimu yangu yote.

"Usimwambie mlevi wa kilabuni kwamba ameiva juu chini bado," alisema. "Huyo nani alimpandisha? Neno hili ni la mtu mliyempandisha wenyewe. Na si la kuchekea. Mzungu alipolisema uso wake ulikuwa na huzuni. Unalisema kama mtu aliyenunua chungu kwa pesa yake, akafika nacho nyumbani."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama alikataa kuyataja mbele ya wageni. Ndoto yangu ilikuwa moja: kusimama nyuma ya bega la kushoto la mtu, kofia mkononi, niseme maneno ya wakubwa yakiwa mazuri kuliko walivyoyasema. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Mkalimani mwanamke? Na kofia?" Lakini alinipeleka mwenyewe kwenye mabua, akaita, "Mkalimani! Huyu mtoto anataka Kiingereza chako."

"Ana masikio?"

"Ya kusikia uvivu anayo."

"Aje."

Nikaja na daftari jipya, nimelifunika kwa gazeti. Akalitazama kama nimekuja na nyoka.

"Hilo la nini?"

"La kuandikia, Babu."

"Rudisha. Daftari ni kabati. Mtu hatembei na kabati kichwani. Andika masikioni."

Miaka mitatu niliandika masikioni. Alisema neno, nikalisema. Alinipa sentensi asubuhi nikamrudishia jioni ikiwa nzima, kama kopo la maji lisilomwagika. Nilijivunia kutokuwa na daftari. Wenzangu waliokwenda masomo ya jioni kwa kulipia walibeba mikoba, mimi nilibeba kichwa. Nilidhani hiyo ndiyo siri yake, na kwamba kanipa mimi peke yangu katika Newala nzima.

Barua zikimjia aliniomba nimsomee. "Macho haya," alisema, akiyafuta kwa kidole, "na miwani nimeisahau." Nilimsomea kwa madaha. Sikuwahi kujiuliza miwani hiyo anaisahau wapi, mtu ambaye nyumba yake ina vyumba viwili.

Kisha akaja Rehema.

Niseme haki: Rehema hakuwa na kosa. Alitoka Masasi mjini, akaja shule ya msingi kama mwalimu wa kujitolea, akapewa darasa la kwanza. A, e, i, o, u. Alikuwa mfupi, mpole, ana kucha safi, na hakupenda Kiingereza hata kidogo. Mara ya kwanza alipoletwa kwa Mkalimani kumsalimu, alimwamkia, akaketi, akaanza kumenya ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kama yuko kwao. Mkalimani alipozungumza yale maneno yake yanayowafanya watu wainamishe vichwa, Rehema alitafuna. Hakumshangaa. Nikamdharau papo hapo.

Baada ya wiki chache akawa anakuja kila alasiri baada ya kazi. Hawakukaa barazani, ambapo mimi nilifundishwa mbele ya watu wote wapitao njia. Walikaa nyuma ya nyumba, karibu na tenga la kuku. Siku moja nikapenyeza jicho kwenye mabua. Mkeka, Mkalimani, Rehema, na katikati yao, wallahi, daftari.

Daftari! Mimi miaka mitatu ni kabati, ni marufuku, ni nyoka. Huyu wa a-e-i-o-u wiki tatu tu kafunguliwa. Nikakohoa makusudi. Mkalimani akainua tenga, daftari likaingia chini kwa kuku, tenga likashuka.

"Nani?"

"Mimi Tatu, Babu. Nimeleta sentensi."

"Leo sentensi ibaki kwako. Kesho."

Nikaenda ndani kwa mama, nikajitupa kitandani.

"Kakuandikia talaka?" mama akauliza.

"Anamfundisha Rehema kuandika Kiingereza."

"Na wewe uliolewa na Kiingereza chake? Inuka uteke maji."

Lakini sikupoa. Nilihesabu alasiri za Rehema. Nilijua anaingia saa ngapi na anatoka na vumbi gani kwenye kandambili. Kibaya zaidi, kwenye mikutano sasa alisimama karibu na Mkalimani. Mgeni akitoa karatasi, Mkalimani alisema, "Miwani nimeiacha nyumbani, Mwalimu Rehema atasoma," na Rehema alinyoosha mkono, akasoma kwa sauti ile ya darasa la kwanza, kila silabi inapewa haki yake. Ile ilikuwa kazi yangu. Barua zilikuwa zangu. Sasa hata barua zilikuwa zake.

Hapo ndipo nilipofikiri nimepata akili. Nikajiambia, kinachompa Rehema nafasi ni macho ya Babu. Babu akiona, Rehema anarudi kwa watoto wake. Nilikuwa nimeanza kuuza uji asubuhi stendi. Nikadunduliza, nikateremka Masasi, nikanunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi aliyeitandaza kwenye meza, fremu nyeusi, ya heshima. Niliijaribu kwa kumwazima mzee aliyekuwa akisubiri gari, akasoma maandishi madogo ya kopo la dawa ya kikohozi. Nikarudi nikiimba. Na sikumpa nyumbani. Ningempa nyumbani angeshukuru, yakaisha. Nilitaka Rehema awepo. Nilitaka watu wawepo.

Mkutano ulikuwa Mkunya, uwanja wa ofisi ya kata, mambo ya maji. Wewe ambaye hujakaa huku juu hujui neno maji linavyojaza uwanja. Mama zetu waliteremka bondeni kuyatafuta na kupanda nayo kichwani. Mgeni akisema ana habari ya mabomba hata wagonjwa wanaletwa. Mgeni siku ile alikuwa bwana mrefu wa mradi, mwekundu wa pua, baridi ya huku imemkamata koo. Alizungumza, Mkalimani nyuma ya bega la kushoto, yote safi. Walipofika penye jambo lenyewe, majina ya vitongoji vitakavyoanza kupata maji, sauti ya mgeni ikakatika kabisa. Akashika koo, akatabasamu, akampa Mkalimani karatasi.

Uwanja ukasogea mbele. Hata wenye watoto wachanga.

"Miwani nimeiacha nyumbani," Mkalimani akasema. "Mwalimu Rehema atasoma."

Rehema akanyoosha mkono.

"Babu!" Nikapita katikati ya watu, nakanyaga miguu, naomba radhi. "Babu, miwani hii hapa! Nimekununulia!"

Vigelegele! Kina mama walinishangilia kama bibi harusi. "Mjukuu huyo!" mmoja akasema. "Wengine wanawaletea babu zao maneno tu!" Mkono wa Rehema ulibaki hewani, mtupu. Nami nikafurahi. Siwezi kuificha ile pumzi moja: nilifurahi mpaka masikio yakawaka.

Mkalimani akaivaa miwani. Ilimkaa vizuri. Akaitazama karatasi.

Pumzi mbili. Pumzi nne. Nilikuwa nimejifunza kuzihesabu, na zilipofika nane nikaacha kuhesabu.

"Mzee, majina tu," mtendaji wa kata akasema kwa upole. "Taja majina tu."

"Hii miwani," Mkalimani akasema, "si ya macho yangu."

Hapo yangeweza kuisha. Rehema alikuwa ameshaushika ukingo wa karatasi. Lakini mzee mmoja wa safu ya mbele, mcheshi, asiye na nia mbaya, akainuka na kumvua miwani puani. "Hebu tuone imekosa nini." Akaivaa yeye, akainamia karatasi mkononi mwa Mkalimani, na akasoma kwa sauti kubwa kitongoji cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Mbona inaona? Inaona mpaka mbu!"

Watu walianza kwa kushangilia vitongoji vyao. Kisha, taratibu, wakaanza kuelewa, na uliweza kuona uelewa ukienda safu kwa safu kama upepo kwenye mpunga. Kutoka nyuma kabisa, kijana mmoja, simjui mpaka leo, akasema:

"Kumbe ameiva juu, chini bado."

Wakacheka. Si wote. Lakini waliocheka walitosha.

Mkalimani akamkabidhi Rehema karatasi. Akavua koti lake la kijivu pale pale, mbele ya watu, akalikunja vizuri mara mbili, akaliweka mkononi, akaondoka kwa miguu kuelekea Newala. Alinipita karibu. Hakunitazama kwa hasira. Hakunitazama tu.

Hajatafsiri tena tangu siku ile. Niliporudi nyumbani na ile miwani, mama alikuwa ameshapata habari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama."

"Ulikuwa unataka nini?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Nilishuka Masasi. Nikapata kazi kwenye duka la steshenari pale Mkomaindo, jirani na hospitali, natoa fotokopi, napiga chapa barua za watu wanaoomba ruhusa na za wanaoomba radhi. Hizo za radhi nilizipiga vizuri kuliko zote. Zaidi ya mwaka mmoja sikupanda Newala ila kwa siku moja moja, nikipita upande wa pili wa mabua. Na nitakwambia kitu ambacho hakinipendezi: hata aibu ile haikuufukuza wivu. Wakati nimelala nilikuwa nikijiuliza si juu ya uwanja wa Mkunya, bali juu ya daftari. Alimwandikia nini mle? Kwa nini yeye?

Msimu huu wa korosho nilipanda kumsaidia mama kuokota. Siku ya pili akaniambia, bila kuinua kichwa, "Mwalimu wako kapata ajira, kahamishiwa mbali."

"Mwalimu gani?"

"Rehema. Nenda ukamwamkie Mkalimani. Leo. Usiniletee sababu."

Nikaenda saa nne asubuhi, miwani mfukoni. Barazani hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma. Alikuwa mkekani, bila koti, tenga limeinuliwa, daftari magotini. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani iliyojaa mchuzi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Tatu." Hakulificha. "Kaa. Kuku hawana kinyongo, kaa."

Nikakaa. Nililitazama lile daftari siku zote zile kupitia mabua, na sasa lilikuwa hatua moja. Akaniona. Akaligeuza, akanipa.

Hapakuwa na Kiingereza. Kurasa za mwanzo zilikuwa a, zimejaa, nyingine zimelala, nyingine zimepasuka tumbo. Kisha e. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Kando ya mistari, mwandiko mdogo, safi: *Vizuri. Rudia. Vizuri sana.* Ukurasa mmoja jina lake, lile ambalo sijawahi kusikia mtu akiliita, mara ishirini. Ulikuwa mwandiko wa mtu mzito anayetembea kwenye kamba.

"Yeye ndiye alikuwa anakufundisha," nikasema.

"Yeye."

Nikajua nilipaswa kulia kwa huruma. Nililia, lakini si kwa huruma peke yake.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Miaka mitatu, Babu. Ningekufundisha. Ningekufundisha bila mtu kujua."

Alilichukua daftari, akaliweka tena magotini.

"Unakumbuka siku ya kwanza alipokuja Rehema? Nilizungumza, akaendelea kula ming'oko yake. Nikasema, huyu ndiye. Huyu hakuniweka mahali pa juu. Nikimwonyesha chini yangu palivyo, atasema, haya, tuanze na a. Na ndivyo alivyosema." Akafuta ukurasa kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Wewe ulikuwa unanitazama kwa macho yale. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata marehemu. Ningekwambia, yangezimika. Nikasema bora nikunyime daftari kuliko niyazime."

"Hayajazimika."

"Hujui."

"Nayajua macho yangu, Babu."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu niingie. Mimi nikatoa miwani mfukoni, kwa sababu sikujua nitoe nini kingine. Niliiweka mkekani katikati yetu. Nikamwomba radhi, na maneno yote mazuri niliyowapigia watu chapa Mkomaindo yalinikimbia. Nilisema tu, "Nilikuwa nataka Rehema akose kazi. Nilikuwa na wivu."

"Najua. Uwanja mzima ulijua. Mama yako aliniambia kabla hujanunua." Akaiokota miwani, akaivaa taratibu, sikio moja kisha la pili. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. "Nilisema si ya macho yangu. Nilikuwa nasema uongo. Ilikuwa ya macho yangu kabisa. Hata siku ile niliiona kila herufi. Niliijua moja moja, zilikuwa nyingi tu mno, na watu wananisubiri."

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma. Alisoma kama alivyokuwa akitafsiri, akinyamaza kabla ya kila kitu, ila sasa kunyamaza kulikuwa kwa kila silabi.

"A-me-i-va. Ju-u. Chi-ni. Ba-do."

Akanitazama juu ya fremu. "Niliandika mwenyewe. Rehema alitaka niandike jina la kijiji."

"Umesoma vizuri."

"Usinisifu. Nilikosea?"

"Hukukosea."

Nikarudisha kurasa nyuma. Sikujizuia. Nilikuwa nazihesabu, zile zenye mwandiko mdogo kando: *Vizuri. Rudia.* Zilikuwa nyingi. Arobaini na kitu. Arobaini na kitu za alasiri nilizokaa upande wa pili wa mabua.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nahesabu za Rehema."

"Bado una wivu?"

Nikafikiri kumdanganya. "Bado, Babu."

"Vizuri," Mkalimani akasema, akalifunga daftari, akalitia chini ya tenga mahali pake. "Yule hakuwa na wivu, ndiyo maana alipopata kazi aliondoka. Kesho uje mapema, kabla jua halijafika huku nyuma. Na uje na kalamu. Hii inakwisha wino."